Ukurasa ambao sikuuandika mimi

Usiku wa tatu tangu nirudi, Mama aliniita chumbani kwake akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. "Haya ni yako," akasema. "Nilikuwa nikiyahamisha kila tulipopaka rangi, lakini sikuyatupa." Ndani mlikuwa na fulana ya riadha iliyopauka, vyeti viwili vilivyoliwa pembe na wadudu, na daftari lenye jalada gumu. Juu yake, kwa kalamu nyekundu: KLABU YA MDAHALO, 2009. KATIBU. Chini yake jina langu, kwa mwandiko ambao sikuutambua mara moja kuwa ni wangu.

Nimekaa ughaibuni miaka 13. Tangu nifike watu wananiuliza nimerudi na nini, nami nimekuwa nikijibu kwa maneno ya adabu ambayo kila anayerudi huyatumia. Haya ninayaandika kwa sababu ya daftari hilo, hasa ukurasa mmoja ndani yake ambao sikuuandika mimi.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua shughuli mbili za jioni, nje ya masomo. Nilichagua riadha kwa kuwa nilipenda kukimbia, na mdahalo kwa kuwa rafiki yangu wa dawati moja alishajiandikisha. Nilikuwa mtoto wa kimya. Mwalimu mlezi wa klabu hakunilazimisha kusema. Alinikabidhi kalamu, saa na kengele ndogo ya shaba, akaniambia, "Wewe utatutunzia muda na kumbukumbu. Bila wewe hapa ni kelele tu."

Utaratibu tulioufuata ni ule wa mashindano ya dunia ya midahalo ya shule, yaliyoanza Australia mwaka 1988. Kila upande una wasemaji watatu, na kila mmoja ana dakika 8. Kengele inalia dakika ya kwanza inapoisha, inalia tena dakika ya saba, kisha mara mbili dakika ya nane. Kati ya kengele ya kwanza na ya pili, yeyote wa upande wa pili anaweza kusimama na kusema "Taarifa!", na msemaji akikubali, mwenye taarifa ana sekunde 15 tu za kuuliza au kupinga. Dakika ya kwanza na ya mwisho haziguswi. Wakimaliza wote sita, kila upande hutoa hotuba ya kufunga ya dakika 4, inayotolewa na msemaji wa kwanza au wa pili, na upande unaopinga hoja ndio hutangulia. Majaji hugawa alama 100: 40 za maudhui, 40 za uwasilishaji, 20 za mkakati.

Mtu anaweza kuona hizo ni kanuni kavu. Mimi nilizipenda kwa namna ambayo bado siwezi kuieleza vizuri. Nyumbani mwetu mkubwa alisema na mdogo akasikia. Darasani mwalimu alisema, sisi tukanakili. Pale, jioni moja kwa wiki, msichana wa kidato cha kwanza alikuwa na dakika nzima ambayo hakuna mtu duniani aliyeruhusiwa kumkatiza, na mlinzi wa dakika hiyo nilikuwa mimi. Nilishika kengele ile kwa mikono miwili.

Kurasa za mwanzo za daftari zinasikitisha kuzisoma. Nilijaribu kuandika kila neno. Sentensi zinaanza vizuri, zinakatika katikati, kisha kuna nafasi nyeupe, kisha mwanzo wa sentensi nyingine ya mtu mwingine. Kufikia mwezi wa pili mwandiko unabadilika. Nimepiga mstari katikati ya ukurasa: kushoto hoja, kulia jibu lake, na mshale unaoziunganisha. Hoja isiyojibiwa nimeizungushia duara. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Niligundua mwenyewe kwamba mtu akisema kwa dakika nane, anachosema hasa ni vitu vitatu au vinne, na vingine vyote ni njia ya kuvifikia. Ukivisikia hivyo vitatu, umemsikia.

Miaka saba baadaye, katika chuo cha ugenini, mkufunzi wa ukalimani alitufundisha jinsi ya kuandika wakati mtu anasema: usiandike maneno, andika mawazo na viungo vyake. Wenzangu walihangaika. Mimi nilipiga mstari katikati ya karatasi na machozi yakanilenga, kwa maana niliiona kengele ya shaba na meza ya mbao na madirisha yale. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa muda wote wa kukaa kwangu kule baada ya masomo: kukaa kati ya watu wawili wasioelewana lugha, kusikia, kuandika, kusema. Sijaipata katika somo lolote lililotahiniwa.

Sitaki kuufanya mwaka ule uonekane mtamu kuliko ulivyokuwa. Muhula wa pili nilijiunga pia na kwaya, kisha na kikundi cha huduma ya kwanza. Nikawa na shughuli nne. Kwaya niliipenda: niliwekwa sauti ya pili, na kushika sauti ya pili huku wa sauti ya kwanza wakiubeba wimbo karibu na sikio lako ni kazi ya nidhamu kubwa. Huduma ya kwanza ilikuwa na manufaa ambayo sina haja ya kuyatetea. Mpaka leo mikono yangu inajua migandamizo 30 ya kifua kisha pumzi 2. Lakini nne zilikuwa nyingi mno. Nililala darasani. Kemia ilianguka vibaya, na ilinichukua mwaka mzima uliofuata kuiinua. Mtoto anayeniuliza leo nitamwambia achague mbili, na azifanye kwa moyo wote.

Kwenye riadha nilikuwa mkimbiaji wa tatu wa mbio za kupokezana vijiti, mita 400 kwa watu wanne. Wa tatu hupokea na hukabidhi, halafu hukimbia kwenye kona, kwa hiyo hakuna anayemtazama. Wa kwanza hutazamwa kwenye mlio wa kuanzia, wa nne kwenye utepe. Wakati ule eneo la kukabidhiana lilikuwa mita 20, na mpokeaji aliruhusiwa kuanza kukimbia mita 10 kabla yake. Kinachohesabiwa ni mahali kilipo kijiti, si mahali ulipo mguu wako. Tulirudia jambo moja kwa wiki nyingi: kuanza kukimbia bila kugeuka nyuma, kunyoosha mkono ukisikia neno moja, na kuamini kwamba kijiti kitakuja.

Kwenye mashindano ya shule za jirani nilikidondosha. Mkono wangu ulifika, wa mwenzangu wa nne ulifika, kijiti kikapita katikati. Kanuni inasema aliyekidondosha ndiye anayekiokota. Nilikiokota, nikamkimbilia, nikamkabidhi, akamaliza wa mwisho peke yake uwanjani huku watu wakimpigia makofi. Jioni ile hakunilaumu. Alisema, "Kesho tuanze na mkono wako." Kesho yake tulianza na mkono wangu. Nimefanya kazi na watu wengi tangu hapo, katika vyumba vidogo vya vioo ambamo wakalimani wawili hupokezana kila baada ya nusu saa hivi kwa sababu akili ya mmoja haiwezi kuhimili zaidi, na kila nilipomkabidhi mwenzangu kipaza sauti nilimkumbuka yule msichana.

Sasa ukurasa wenyewe.

Mwisho wa mwaka kulikuwa na mdahalo wa kufunga klabu, mbele ya shule nzima, na wazazi walialikwa. Msemaji wetu wa tatu aliamka na homa. Mwalimu mlezi alinijia wakati wa mapumziko ya asubuhi, akaniambia nitachukua nafasi yake. Nilikataa. Akaniuliza, "Kazi ya msemaji wa tatu ni nini?" Nikajibu nilivyojua: kujibu hoja za upande wa pili, si kuleta mpya. "Basi nani katika shule hii amewasikiliza wale kwa mwaka mzima kuliko wewe?" Sikuwa na jibu. Kalamu na kengele vikaenda kwa rafiki yangu wa dawati moja.

Kwa hiyo ukurasa huo ni mwandiko wake, mkubwa na wa duara. Hoja: elimu ni bora kuliko fedha. Upande wetu ulikuwa unapinga. Ameandika majina ya majaji, saa ya kuanza, idadi ya wanafunzi, kisha: "Wazazi: 3." Ameandika hotuba yangu kwa mistari minane. Mstari wa mwisho unasema, "Amemaliza dakika 7 na sekunde 50. Hakutetemeka." Nilitetemeka, tena sana. Rafiki yangu alijua, na bado aliandika hivyo.

Nilimsomea Mama kwa sauti usiku ule, nimekaa sakafuni karibu na sanduku. Nilipofika kwenye "Wazazi: 3" akanishika bega.

"Mmoja wa hao ni baba yako."

Nikamwambia hapana, Baba hakuja. Ninakumbuka vizuri kwamba hakuja, maana nilimtafuta kwa macho kwenye viti vya wageni. Baba hakuwa akizipenda shughuli za jioni. Alisema jioni ni ya kitabu. Hakunikataza, lakini hata siku moja hakuniuliza zilikwendaje.

"Alikuja," Mama akasema. "Alisimama mlangoni, nyuma ya wale wanafunzi warefu. Alikusikiliza mpaka ukamaliza, akaondoka kabla matokeo hayajatangazwa. Alisema hataki umwone ukababaika. Usiku alinirudia maneno yako yote, moja baada ya jingine. Nilimwambia akwambie. Akasema atakwambia ukishamaliza shule."

Baba alifariki nikiwa mwaka wa nne ugenini. Sikuweza kuja kumzika. Sitaandika mengi juu ya hilo. Walio mbali wanajua simu ya alfajiri ilivyo. Lakini kwa miaka yote hiyo nilibeba uhakika kwamba hakuwahi kunisikia nikisema jambo kwa watu. Na sasa yupo, amehesabiwa, katika tarakimu moja iliyoandikwa na msichana wa miaka 16 aliyekuwa akifanya tu kazi ya katibu kama nilivyomwonyesha: hesabu kila aliye chumbani, hata aliyesimama mlangoni.

Nimelala nikiwa nimelikumbatia daftari, na sioni haya kulisema hilo.

Binti wa kaka yangu yuko kidato cha tatu. Yumo kwenye klabu ya mdahalo na kwenye riadha. Hakuna aliyemwambia kwamba shangazi yake alipita njia hiyo hiyo. Juzi kaka alimwambia aache vyote mpaka amalize mtihani wa mwisho. Hisabati imeshuka. Kaka si mtu mkali. Ada anailipa kwa jasho, na anaogopa, na hofu ya mzazi si kitu cha kudharau. Nilimwomba tukae chini sisi wawili.

"Mdogo wangu," akaniambia, "wewe ulikuwa na bahati. Si kila anayepiga domo jioni anaishia kulipwa kwa kusema."

Nilimwambia sikulipwa kwa kusema. Nililipwa kwa kusikiliza, na nilijifunza kusikiliza pale. Nikamwambia pia kuhusu kemia yangu, kwa kuwa sikutaka kumshinda kwa kumficha upande mwingine. Tukakubaliana juu ya jambo dogo: riadha ingoje muhula huu, mdahalo ubaki, na siku mbili kwa wiki mimi nikae na binti yake kwenye hisabati. Hakusema amekubali kwa moyo. Alisema tujaribu. Kisha nikampa daftari, nikamfungulia ukurasa ule, nikamweleza alichoniambia Mama. Aliitazama ile tarakimu muda mrefu, akanirudishia bila kusema neno.

Jana jioni binti alikuwa na hotuba ya kufanyia mazoezi. Tulisogeza viti. Mama akawa jaji, nami nikapewa tena kutunza muda, kwa simu na bilauri ya kugonga na kijiko. Aliniuliza kuhusu mbio nilizokimbia; nilipotaja mita 20 za kukabidhiana alishangaa, maana sasa ni 30, mpokeaji anaweza kukipokea kijiti popote ndani yake. Kisha akasimama, akanyoosha sare, akaanza: "Mheshimiwa mwenyekiti, jaji, mtunza muda, na wasikilizaji wenzangu..."

Alikuwa kwenye sekunde ya arobaini kaka alipoingia kutoka kazini. Alisimama mlangoni na mkoba wake mkononi. Akasikiliza kidogo, halafu akanyoosha mkono.

"Taarifa."

Binti hakugeuka kumtazama. "Bado, baba," akasema. "Dakika ya kwanza haijaisha."

Kaka akanitazama. Nikamwonyesha saa. Akaweka mkoba chini, akavuta kiti, akakaa, na sote watatu tukangoja huku binti akiendelea kusema. Ilipotimia, nikagonga bilauri mara moja. Kaka akasimama tena, akafunga kifungo cha koti lake.