Ninavyochagua njia kati ya mawe ziwa linapopungua

Mtumbwi ninaouendesha hapa Ziwa Victoria ni wa mbao, urefu mita 8, upana mita 1.6 pale katikati, na nyuma una mashine ya nguvu farasi 15. Natanguliza vipimo kwa sababu mwanya unaonifaa mimi unaweza kumvunjia mwingine mguu wa mashine, na mwanya ninaoukwepa mimi mwenye kamtumbwi ka kasia anapita akiimba. Kabla ya kuyasoma maji, ujue chombo chako kinahitaji maji kiasi gani.

Wangu ukiwa mtupu unazama sentimita 22. Kila kilo 80 hadi 85 ninazopakia zinauzamisha sentimita 1 zaidi, kwa hiyo watu kumi na vikapu vyao wanaufikisha kwenye 30. Mguu wa mashine unashuka sentimita 30 nyingine chini ya mkuku. Jumla 60. Hapo ziwa limetulia kama maji ya beseni. Likiwa na mawimbi ya sentimita 40, bonde la wimbi linakushusha karibu 20 chini ya usawa wa kawaida: 80. Naongeza 30 za tahadhari, maana jiwe halina kilele cha bapa. Ndiyo maana kwenye mwanya wowote nataka mita 1 na sentimita 10, na kukiwa na upepo nataka mita 1 na robo. Chini ya hapo sijadiliani na mtu.

Ziwa Victoria halina maji kupwa na maji kujaa kama pwani ya bahari. Linapanda na kushuka taratibu: juu zaidi Mei na Juni, masika yakishapita, chini zaidi Oktoba na Novemba kabla vuli haijakolea. Ndani ya mwaka mmoja tofauti mara nyingi haifiki nusu mita. Ya miaka na miaka ndiyo inayovunja mitumbwi. Mwaka 2006 ziwa lilikuwa limeshuka vibaya. Mwaka 2020 lilipanda hadi kuipita rekodi ya 1964, na 2024 likapanda tena zaidi ya hapo. Kati ya 2006 na vilele hivyo viwili kuna zaidi ya mita 2 na nusu. Kijana aliyejifunza unahodha katika miaka ya maji mengi amekuwa akipita juu ya majabali asiyoyajua. Maji yakirudi chini, njia anayoijua haipo tena, hata kama mlima anaoulenga na mti anaoulenga viko palepale. Kwa hiyo huwa namtafuta mzee aliyevua mwaka 2006, namwamkia, namwomba aniambie mawe yalipokuwa yakitokeza. Wazee hawa wanakumbuka kila jiwe kwa jina, na saa moja ya mazungumzo nao inanipunguzia siku mbili za kupima.

Kujua maji yameshuka kiasi gani, natazama majabali yenyewe. Granaiti ya Mwanza inashika alama: juu rangi ya kijivu ya siku zote, chini yake mkanda mweupe uliokaa majini wakati wa maji mengi, halafu mkanda wa kijani mbichi wa utelezi unaolowa kila siku. Napima kwa fimbo kutoka ukingo wa juu wa mkanda mweupe hadi usawa wa maji. Ikiwa ni sentimita 90, basi kila kina nilichokikariri wakati wa kilele nakitoa sentimita 90. Hesabu ni ndogo, na wengi hawaifanyi.

Sura ya jabali juu ya maji inakueleza pia habari za chini. Mawe yetu yamepasuka kwa mistari iliyonyooka, kisha kona zake zikalika na kuwa mviringo. Jabali lenye ukuta wima likiingia majini, mara nyingi ukuta unaendelea kushuka, na kando yake kuna kina. Lenye mgongo wa kobe linatambaa mbali chini ya maji, na kulikaribia ni kujitafutia. Mawe matatu yakitokeza kwa mstari mmoja, la nne na la tano yapo kwenye mstari huohuo, hayajatokeza tu. Na kati ya rasi na kisiwa kidogo kilicho mbele yake mara nyingi kuna mgongo wa mawe unaoviunganisha, ingawa macho yanaona mlango mpana. Hapo naona afadhali kuzunguka kisiwa chote, hata ikinigharimu nusu lita ya petroli.

Sasa mawimbi, na hapa ndipo watu wanapodanganyika. Tunafundishwa kwamba penye povu pana jiwe. Ni kweli, ila nusu tu. Wimbi linavunjika pale kina kinapokaribia kimo chake. Wimbi la sentimita 40 litavunjika juu ya jiwe lililo chini kwa sentimita 50 hivi. Jiwe lililo chini kwa 70 halitalivunja. Litalinyanyua kidogo tu, maji yawe laini kama kifuniko cha chungu, kisha yapite. Toa 20 za bonde la wimbi, zinabaki 50, na mimi nahitaji 60. Kwa hiyo jiwe linalonitisha ni lile lisilotoa povu. Nakaa ufukweni dakika kumi bila haraka nikitazama sehemu moja: uvimbe unaohama ni wimbi, uvimbe unaorudi palepale ni jiwe. Mnandi, yule ndege mla samaki, akionekana amesimama juu ya maji, miguu yake iko juu ya jiwe.

Rangi ya maji hainisaidii sana. Maji ya ghuba yetu ni ya kijani na mazito, na mara nyingi jiwe lililo chini kwa mita moja silioni hadi niwe juu yake. Kwa hiyo mwanya mpya naupima kwa mkono, nikiwa kwenye mtumbwi mdogo wa kasia, bila mashine. Nina mwanzi wa mita 3 na nusu niliouzungushia rangi nyekundu kila robo mita. Nachoma chini kila hatua moja ya kasia, katikati ya mwanya kwanza, kisha mita 1 na nusu kushoto na mita 1 na nusu kulia. Mwanzi una faida ambayo kamba yenye uzito haina: unakuambia chini kuna nini. Mchanga unaumeza kidogo, tope linaung'ang'ania, jiwe linagonga hadi kwenye kiganja. Mahali palipogonga napima tena pande zote nne, maana mwanzi unaweza kugonga bega la jiwe na kilele kikawa nusu mita pembeni, juu zaidi.

Upana nautaka mara tatu ya upana wa mtumbwi, yaani mita 5. Mwenye mashine nyuma akikata kushoto, si kichwa tu kinachogeuka. Mkia nao unafagia kwenda kulia. Watu wanagonga jiwe walilokwisha kulipita kwa sababu walianza kukata kona mapema. Mimi sikati hadi mashine yenyewe iwe imelipita jiwe.

Nikiwa na mianya miwili, sitazami tu upi una kina kikubwa zaidi. Swali langu la kwanza ni hili: mashine ikizimika katikati, nitasukumwa wapi? Upande wetu wa kusini mwa ziwa, usiku na asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana hugeuka, ukatoka ziwani kuja ufukweni. Mwanya wenye maji wazi upande upepo unakoelekea utanitema salama. Mwanya wa kina cha mita 2 wenye ukuta wa mawe upande huo utaniweka juu ya mawe. Nimeshachagua mara nyingi mwanya wa mita 1 na robo nikauacha wa mita 2 kwa sababu hiyo.

Inafuata kwamba njia mpya siijaribu upepo ukiwa mgongoni. Ukisukumwa kutoka nyuma huwezi kusimama ukafikiri. Ukienda dhidi ya upepo, ukipunguza moto mtumbwi unasimama wenyewe, ukipunguza zaidi unarudi ulikotoka. Mchana naijaribu nikitoka mwaloni, pale tunapoegesha mitumbwi, kwenda ziwani. Asubuhi naijaribu nikiingia, lakini ufukwe wetu kati ya Bwiru na Kayenze kwa sehemu kubwa unatazama magharibi, kwa hiyo anayeingia asubuhi na mapema jua linampiga machoni na maji yote yanakuwa kioo. Saa ninayoipenda ni kati ya saa 4 na saa 6, jua likiwa limepanda na upepo wa nchi kavu umechoka kabla wa ziwani haujaamka. Miwani ya jua ile inayokata mng'ao juu ya maji inasaidia kweli. Ile nyeusi tu inatia giza.

Nikishapima, nahitaji kuurudia mstari uleule hata bila mwanzi. Simu haifai kwa hili: ramani yake inaweza kukosea mita 5, na mwanya wote ni mita 5. Natumia alama mbili za nchi kavu, moja karibu na moja mbali: ncha ya jabali la ufukweni chini ya nguzo ya umeme iliyo kilimani, kwa mfano. Zikiwa zimepangana, niko kwenye mstari. Ya karibu ikionekana imekwenda kushoto ya ile ya mbali, nimetoka kulia, basi nalenga kushoto. Kwa kifupi, ninapoziendea, naifuata ya karibu. Alama ziwe mbali moja na nyingine kadiri inavyowezekana. Zikikaribiana, utatoka nje ya mstari mita 3 kabla jicho halijagundua. Na isiwe mtumbwi uliotiwa nanga, wala mti ambao mtu ataukata kuni.

Mawe mawili mabaya zaidi nayawekea maboya. Dumu la njano la mafuta ya kula la lita 5, limefungwa kizibo vizuri, linaonekana hata kwenye povu, jeupe linapotea. Uzito wake ni jiwe la kilo 10 ndani ya kipande cha wavu. Kosa la kawaida ni kamba ndefu. Kwenye kina cha mita 2 naweka mita 2 na nusu, si zaidi, la sivyo upepo utalipeleka dumu juu ya njia yenyewe na kamba iingie kwenye propela. Na nafunga upande wa njia, sentimita chache nje ya jiwe, ili nahodha ajue dumu ni mpaka wa maji salama.

Siku ya kupita na mzigo, mtu mmoja anasimama mbele na mwanzi, hakai mwingine mbele yake. Mashine inapiga kelele, kwa hiyo tunakubaliana ishara: mkono kulia, mkono kushoto, na ngumi juu maana yake toa gia. Abiria wanavaa majaketi okozi na kuketi chini, katikati, bila kuhamia upande mmoja kutazama mawe. Hilo la kutazama ndilo linalopindua. Nasogeza mizigo miwili mitatu mbele ili mkia unyanyuke. Mwendo ni wa mtu anayetembea. Ukikimbia kwenye maji haba mkia unajichimbia chini, na sentimita 10 kati ya zile ulizopima hazipo tena. Kufuli la kuzuia mashine isinyanyuke huwa limefunguliwa, ili mguu ukigonga upande juu wenyewe. Kufuli hilo ni la kurudi nyuma tu, na ndiyo maana ndani ya mwanya sirudi nyuma kwa nguvu kamwe: ukiwa umefunga na ukagonga kinyumenyume, kinachovunjika ni mbao ya nyuma iliyoshika mashine. Kamba ya kuzimia mashine iko kwenye kifundo cha mkono wangu.

Tukikwama, kitu cha kwanza ni kuzima na kunyanyua mashine, cha pili ni kutazama kama maji yanaingia. Hapo hapo, kabla ya kusukuma. Mbao iliyotobolewa ikiwa bado imekaa juu ya jiwe inavuja kidogo. Ukiivuta ikatoka, inafunguka. Ndani ya boksi nina kipande cha bati la ukubwa wa daftari, mpira wa tyubu uliokatwa ukubwa huo, misumari ya inchi moja, nyundo, pamba na kipande cha sabuni. Pamba na sabuni vinajaza ufa, mpira unakaa juu yake, bati juu ya mpira, misumari kila sentimita 2. Kiraka hicho kinanifikisha mwaloni, hakinipi ruhusa ya safari nyingine. Kama haivuji, tunahamishia watu upande ulio huru, mmojammoja, na kusukuma kwa mwanzi kurudi tulikotoka, tukingoja wimbi litunyanyue. Kushuka majini naweka mwisho kabisa: utelezi unavunja mguu kati ya mawe mawili, na kwenye vihori vilivyotulia vyenye majani kuna kichocho.

Vipimo vyangu naviandika pamoja na tarehe na urefu wa ule mkanda mweupe. Oktoba napima upya kila wiki mbili. Mvua zikianza na maji yakipanda tena, nayatoa madumu yote mawili, kwa sababu boya likiachwa bila mwenyewe kamba yake huoza, na atakayekuja kulifuata atakuwa analifuata mahali ambapo sikuliweka.