Kushuka Kitonga: gemu ya lori inayotengenezwa Mwanjelwa

Mwezi wa tatu

Wazo la mwanzo lilikuwa safari nzima. Unapakia viazi Isyonje, unapita Uyole, Chimala, Igawa, unapimwa mizani, unalala Makambako, unaikuta Iringa, unashuka mlima wa Kitonga wenye kona kali, unakatiza Mikumi ukiomba swala asikuingie barabarani, na Dar es Salaam dalali anakusubiri na bei yake mfukoni. Daftari lilijaa, na wakati huo sikujua hata namna ya kuweka duara kwenye skrini.

Mimi kazi yangu ni steshenari, hapa Mwanjelwa, Mbeya. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za kuomba kazi. Kompyuta ya gemu ni hiyo hiyo ya kazini, RAM GB 4, na mteja akiingia na cheti chake cha kuzaliwa, lori linasubiri.

Nimeikata. Imebaki Kitonga peke yake, ya kushuka, kuanzia juu ukitokea Ilula hadi bondeni kuelekea Ruaha Mbuyuni. Kila niliyemsimulia ile safari ndefu aliuliza swali moja tu: "Na Kitonga umeiweka?" Habari za dalali hakuna aliyeziulizia.

Programu ninayotumia kutengenezea gemu ni Godot. Ilianzishwa na Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na tangu 2014 msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Hulipi kitu, hata gemu ikiuza. Nilikuwa nimeiangalia na Unity, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, lakini Septemba 2023 wenyewe walitangaza kutoza watengenezaji kwa kila gemu inayopakuliwa na kuwekwa kwenye kifaa. Mwaka uliofuata waliifuta tozo hiyo, ila mimi nilishahama. Godot yenyewe ni nyepesi. Kilichomaliza bando ni lile furushi la kugeuza gemu iwe ya simu, karibu gigabaiti nzima.

Watu hupenda kunitia moyo kwa mfano wa Eric Barone, yule Mmarekani aliyetengeneza gemu ya Stardew Valley peke yake na kuitoa 2016. Ni kweli hakuwahi kufanya kazi kwenye kampuni ya gemu. Lakini alikuwa na digrii ya kompyuta, na alikaa na kazi hiyo zaidi ya miaka minne. Mfano huo unanitisha kuliko unavyonitia moyo.

Mwezi wa tano

Lori linashuka. Mwanzoni nilitumia fizikia iliyomo ndani ya Godot: bodi, magurudumu yaliyoshikizwa kwa viungo, na barabara yenye umbo. Lori la tani 30 likawa linadunda kila barabara inapokunja. Nimeitoa yote. Sasa kwa ndani lori ni namba chache tu: limefika wapi kwenye mstari, mwendo, gia, joto la breki, upepo wa breki kwenye matangi. Picha inafuata namba. Majina hayo nimeyaandika kwa Kiswahili ndani ya msimbo, maana nikiufungua usiku baada ya kufunga duka nataka kuelewa bila kufikiri mara mbili.

Joto ndiyo gemu yenyewe, kwa hiyo nilikaa nalo muda mrefu. Hesabu yake ni ya kidato: tani 30 zikishuka mita 100 za wima, zinaachia megajuli 29 na ushei. Nishati hiyo ingechemsha zaidi ya ndoo nne za lita 20 za maji ya baridi. Kama lori linashuka bila kuongeza mwendo, basi karibu yote hiyo inatafuta pa kwenda. Sehemu inamezwa na injini ikiwa kwenye gia nzito, yaani ndogo, na inayobaki inaishia kwenye dramu za breki. Dramu ikipata moto inatanuka na kuikimbia breki yenyewe, na kile kitambaa cha breki nacho kinapoteza ushikaji. Ndipo dereva anakanyaga mpaka chini na gari halisikii.

Kwenye gemu hesabu hiyo inapigwa mara 60 kwa sekunde. Ukikanyaga, joto linapanda kwa kadiri ya mguu wako na mwendo wako. Ukiachia, linapoa polepole. Likivuka kiwango fulani, breki zinaanza kupungua nguvu. Na ukipampu hovyo hovyo, upepo unaisha kabla kompresa haijajaza.

Nilikuwa na geji ya joto pembeni mwa skrini, nyekundu na kijani. Nimeifuta. Wachezaji walikuwa wanaitazama geji hawaioni barabara, na malori mengi niliyoyachungulia hayana geji ya namna hiyo. Badala yake kuna utingo. Joto likifika mahali pabaya anamwambia dereva, "Suka, nasikia harufu." Basi. Akisema mara ya pili umeshachelewa. Hadi sasa hicho ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote humo ndani.

Mwezi wa sita

Mjomba wangu ni dereva wa masafa. Alipita dukani akiwa na koti zito, baridi ya Mbeya ya mwezi huu mnaijua, nikampa simu ajaribu. Hakucheza. Alinitaka nicheze mimi, yeye akatazama.

"Umeingia na gia gani hapa?"

"Ya tano."

"Ya tano! Mjomba, gia ambayo ungepandia mlima huu ndiyo ya kushukia. Na unaichagua huku juu, kabla hujaanza. Ukishakolea mwendo, hiyo gia nzito haikubali tena."

Maneno hayo yalibadilisha gemu kuliko mafunzo yote ya video niliyoyatazama. Sasa gia inakataa. Ukiwa na mwendo mkali ukajaribu kurudi ya tatu, unasikia meno yanalia na lever inarudi katikati, na hapo lori liko huru. Mchezaji anaamua hatima yake kwenye mita za mwanzo, wakati bado hakuna cha kuogopa.

Tulibishana kwenye mafuta. Mafuta ya safari yanapimwa, na kishawishi cha kutoa gia lori lijiendee lenyewe kipo. Mjomba anashikilia kwamba hatari ipo lakini mafuta yanabaki. Nikamwambia, dizeli ikiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanaizungusha injini na pampu inakata. Ukitoa gia, injini inabaki sailensa, inazunguka bila kuvuta kitu, na inakunywa mafuta ili isizimike. Hakukubali. "Wewe umeshika usukani wa fotokopi," akasema. Gemu nimeiacha ifuate pampu: ukitoa gia kwenye mteremko mkali unawahi kufika, ila mshale wa mafuta unashuka. Watakaoshangaa washangae.

Sauti nilirekodi kwa simu kwenye maegesho ya malori Uyole. Muungurumo mmoja mfupi unajirudia, na Godot inaupandisha au kuushusha kufuata mizunguko ya injini. Upepo ulikuwa mwingi, nikafunika simu kwa soksi. Habari za michoro tuziache kwanza.

Sasa hivi

Gemu inafunguka kwenye simu za bei ya chini, kwa sababu nimechagua ule mfumo mwepesi wa michoro wa Godot, si ule wa kisasa. Kuiweka Google Play ni dola 25, unalipa mara moja. Kigingi kiko kwingine: akaunti mpya ya mtu binafsi lazima ipate wajaribu 12 wakae nayo siku 14 mfululizo ndipo uombe kuifungua kwa umma. Zamani walikuwa 20.

Nikawaendea bodaboda wa Kabwe. Kupenda wamependa, wanashindana nani atafika chini bila utingo kusema kitu. Shida ni barua pepe. Wengi zao zilifunguliwa na aliyewauzia simu, nywila anayo yeye au hana mtu. Kwa hiyo siku hizi, katikati ya kopi na picha za pasipoti, nawafungulia watu akaunti bure, na foleni imekuwa ndefu kuliko ya wateja wanaolipa.

Kinachofuata ni msongamano: lori lililoharibika na matawi yaliyowekwa barabarani kuwatahadharisha wengine, halafu basi linalopita kwenye kona. Hilo basi nilitaka kulisogeza mbele, ni gumu kulipangia akili. Mjomba amekataa. Amesema bila basi la kunipita kwenye kona, hiyo siyo Kitonga.