Pini Iliyokatikia Ndani

Vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu, na changu nilikipokea kwa kusaini. Kitu ulichokisainia hukiazimishi ovyo, ila kwetu huku Kusini mpwa haombi mali ya mjomba wake, anachukua. Basi mtoto wa dada yangu alikuwa amekaa kibarazani, Mikindani, anasikiliza muziki kwa hedifoni zake. Mbuzi wa jirani akapita, waya ukamnasa mguuni, naye akaondoka nao.

"Mjomba, sauti imekata." Ndivyo alivyoanza kunieleza. Habari ya mbuzi ilikuja baadaye.

Nilipotazama nikaona ncha ya pini imebaki ndani ya tundu. Kishikwambi kilikuwa kinaamini hedifoni bado zimechomekwa, kwa hiyo sauti yote kilikuwa kinaipeleka huko, spika yake bubu. Juu ya kioo ile alama ya hedifoni imetulia. Nikazima, nikawasha, alama ikarudi palepale. Nami hadithi zote za kusomea darasa la tatu nilikuwa nimezirekodi humo.

Ushauri hauna bei. Shemeji alitaka tupake supa glu kwenye mrija wa kalamu, tuushikize na pini, ikikauka tuvute. Nikamkatalia katakata. Tundu lile ni jembamba, na tone likigusa ukuta wake, pini na tundu vinakuwa kitu kimoja mpaka kiama. Jirani akaja na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, nayo haikuvuta chochote.

Jumamosi nikapanda daladala kwenda Mtwara mjini, kilomita kama 10. Ilikuwa Novemba, pesa za korosho zimeanza kuingia, na kwa fundi simu pale sokoni watu wamejaa, kila mmoja na simu mpya ya kuwekewa kava. Kijana alikitazama kishikwambi mara moja tu.

"Tunafungua, mwalimu. Elfu thelathini. Kioo kikipasuka hatudaiani."

Kioo cha kishikwambi kimebandikwa kwa gundi, na kukitoa ni mpaka ukipashe moto ukibandue taratibu. Kwenye foleni ile, hiyo taratibu ingetoka wapi? Nikamshukuru, nikavuka kwa mzee fundi saa aliyekuwa ameweka meza yake ng'ambo, chini ya paa la duka la vitenge.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Kipande kingine kiko wapi?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Bahati nzuri nilikuwa nacho mfukoni, na waya wake. Mzee akabana lenzi jichoni, akakigeuzageuza. Pini ya milimita 3.5 unaweza kudhani ni chuma kimoja, kumbe ni vipande vilivyovalishana, na zile pete nyeusi unazoziona ni plastiki inayovitenganisha. Yetu ilikuwa imekatikia kwenye pete ya pili. Mzee akanionyesha kwa ncha ya kibanio: katikati kijiti chembamba, kukizunguka plastiki.

"Iliyobaki ni fupi, na ina kiuno. Humo ndani kuna springi imeikamata kiunoni. Ukiichokonoa pembeni unaharibu springi. Hii inashikwa moyoni."

Akaniambia nizime kishikwambi kabisa, akakikandamiza kwa kiganja cha kushoto. Akachukua sindano ya kushonea, akaishika kwa koleo, akaipasha kwa kiberiti cha gesi mpaka ncha ikawa nyekundu. Akaiingiza katikati ya tundu, kwenye ile plastiki inayokizunguka kijiti, akabonyeza kidogo. Ikasikika harufu ya plastiki inayoungua. Kisha hakufanya kitu. Alingoja sindano ipoe na plastiki iigandie, huku akimjibu mama mmoja bei ya betri ya saa ya ukutani. Nilitamani avute, mikono inaniwasha. Alipovuta, alivuta moja kwa moja bila kuzungusha, na ncha ikatoka imeng'ang'ania sindano, ndogo kama punje ya mchele.

Nikawasha. Alama ya hedifoni bado ipo! Nikajua basi, springi imekwenda.

"Imelala tu," mzee akasema. Akachomoa hedifoni za redio yake, akazichomeka kwenye kishikwambi, akazichomoa, akarudia tena na tena. Alama ikapotea. Nikabonyeza hadithi ya kwanza niliyoiona, na sauti yangu mwenyewe ikalipuka pale kwenye vitenge nikiiga fisi. Wateja wakageuka. Sikuwahi kufurahi kuchekwa namna ile.

Akaniambia elfu tatu, na mimi ninayebishania hata bei ya dagaa nikatoa bila neno. Yule kijana wa simu alikuwa keshavuka barabara.

"Imetoka, babu? Kwa kitu gani?"

"Kwa sindano. Njoo saa kumi wateja wakipungua, nikuonyeshe. Na uje na pini zako mbovu, siwezi kukufundishia kwenye vitu vya watu."

"Saa kumi nina foleni, babu."

"Basi saa kumi na moja. Na kiberiti uje na chako."