Salmoni niliyemwua kwa ndimu

Mdogo wangu alishuka uwanja wa ndege wa Mwanza akiwa na begi moja la nguo na kiboksi cha barafu. Ndani ya kiboksi mlikuwa na vipande vinne vya salmoni kutoka supamaketi ya Dar, vimegandishwa, kila kimoja kwenye mfuko wake wa plastiki uliofyonzwa hewa. Mimi naishi Kirumba. Nikifungua dirisha asubuhi, harufu ya soko la samaki la Mwaloni inaingia kabla ya chai. Mtu akikuletea samaki mahali kama hapa, lazima umtazame mara mbili.

"Dada, wewe onja tu," akasema. "Huyu katoka Norwe."

Vipande viwili niliviua siku ile ile. Nilivifanyia kile ninachomfanyia sato tangu nijue kushika kisu: nikakamua ndimu tatu, nikaparaza tangawizi ya kutosha, nikatwanga saumu, nikatia chumvi na pilipili manga, nikafunika bakuli na kuliacha kwenye friji usiku kucha. Niliamini kadiri anavyolala ndivyo anavyokolea. Asubuhi nikakuta ile rangi ya chungwa imepauka, nyama ya juu imekuwa nyeupe kana kwamba imeshapikwa, na nilipobonyeza, kidole kikazama. Mchana nikavitumbukiza kwenye mafuta mengi ya moto. Kimoja kilisambaratika palepale. Cha pili kilitoka kizima, lakini ubavuni kikawa kinatokwa na ute mweupe ulioganda mabonge mabonge.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Nansio kwa ajili ya macho yake, na ndiye aliyewekewa hicho kizima.

"Mama Neema, huyu samaki mbona anatoa maziwa?"

Mume wangu ghafla akakumbuka kwamba chumvi haipo mezani, akanyanyuka kwenda kuitafuta. Mama alikula kidogo, kwa heshima. Baadaye, tukiosha vyombo, akaniuliza:

"Ulipomtoa kwenye mfuko alikuwa na shombo?"

"Hapana, mama. Hata kidogo."

"Sasa ndimu zote zile ulikuwa unamfukuza nani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nikae chini usiku na simu, nisome, badala ya kulaumu samaki wa watu. Na kweli, nilipofikiria, ndimu jikoni kwangu ilikuwa mazoea. Tunaitia kuua shombo, na kwa sato aliyeshinda juani sokoni ina kazi yake. Ila ndimu haiishii kwenye harufu. Ukali wake unaikaza nyama ya samaki kama moto unavyofanya. Ukiiacha saa nyingi, unapika kabla hujawasha jiko, kisha unapika tena. Tangawizi mbichi nayo nilikuwa naionea kwa kudhani ni harufu tu. Ina kitu kinachovunja nyama, ndugu yake yule wa kwenye papai bichi tunalopaka nyama ngumu ya bucha ili ilainike. Nyama ya ng'ombe inahitaji msaada huo. Salmoni ana nyama laini na mafuta tele. Ukimlaza usiku kucha na tangawizi unamgeuza uji.

Na yale "maziwa" ni protini ya samaki mwenyewe, inatoka na kuganda kama ute wa yai pale moto unapokuwa mkali mno au unapompitiliza. Haidhuru, inaliwa, ila inakuaibisha mbele ya mkwe.

Vilibaki viwili. Safari hii sikukurupuka.

Usiku wa Ijumaa nilivitoa kwenye friza nikavishusha chini kwenye friji viyeyuke polepole, na kabla ya hapo nikaitoboa ile mifuko, maana samaki hashauriwi kuyeyukia ndani ya mfuko usio na hewa. Jumamosi nikavikausha kwa tishu za jikoni, nikapitisha kidole juu ya nyama kutoka kichwani kwenda mkiani. Kwenye kimoja nikagusa miiba minne imesimama wima, haionekani kwa macho. Niliing'oa kwa kibanio cha nyusi, nikiuvuta kila mmoja kuelekea ulikoinamia ili nyama isichanike. Kibanio nilikichemsha kwanza, msinitazame hivyo.

Viungo nilivipima kwa vipande hivyo viwili: vijiko viwili vya chakula vya soya sosi, kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti, kijiko cha chai kilichojaa cha asali ya Tabora, punje mbili za saumu, kipande cha tangawizi kisichozidi ncha ya kidole, na pilipili mbuzi nusu iliyotolewa mbegu. Chumvi sikuongeza hata chembe, soya ina chumvi ya kutosha kukukausha koo. Saumu na tangawizi nilivitwanga kwenye kinu mpaka vikawa rojo, kwa sababu vipande vikubwa vinang'ang'ania juu ya samaki na kuungua kabla yeye hajaiva. Kisha nikakoroga vyote kwa uma. Mwanzoni mafuta yalikuwa yanaelea peke yake, macho macho ya dhahabu juu ya weusi wa soya. Nilivyoendelea kukoroga, asali ikavishika pamoja, rojo likawa zito na kung'aa. Nikachovya kidole. Chumvi kwanza, utamu ukafuata, halafu pilipili ikaja nyuma polepole.

Kabla samaki hajagusa chochote nikachota vijiko viwili vya rojo hilo nikaweka kwenye kikombe pembeni. Hapa wengi tunakosea, tunamlowesha samaki mbichi kisha mchuzi uleule tunaumwagia juu ya chakula kilichoiva. Kama hukutenga mapema, basi uchemshe kwanza hadi utokote.

Simu nikaiwekea dakika 20. Ndimu ilikaa mezani nzima, haijakatwa, inanitazama.

Zilipoisha nilikwangua rojo kwa mgongo wa kijiko, nikakausha upande wa ngozi tena. Inaonekana kama kujifanya, mtu aloweke kisha afute, lakini unyevu unaifanya ngozi ichemke badala ya kukauka, na asali inayobaki nyingi inageuka mkaa. Kikaango kilipopata moto wa wastani, mafuta kijiko kimoja, samaki akashuka ngozi ikiwa chini. Nikambana kwa mwiko kwa sekunde kumi asijikunje. Baada ya hapo mikono nyuma.

Hapo ndipo nilipompenda huyu samaki, kwa sababu anakuambia mwenyewe amefika wapi. Ukimtazama ubavuni, rangi ya chungwa iliyokolea inapanda kutoka chini ikigeuka waridi hafifu, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Ilipofika theluthi mbili, kama dakika tano hivi, nikamgeuza. Upande wa pili dakika moja na nusu tu. Nikazima gesi, nikampaka lile rojo la kikombeni, likachemka kwa joto la kikaango na kushika kama rangi ya kucha. Wenye kipimajoto cha jikoni husubiri nyuzi 63 katikati ya nyama. Mimi niliingiza ncha ya kisu, nyama ikaachana tabaka tabaka, haikung'ang'ania. Alipokuwa sahanini ndipo nikakata ndimu, nikakamua robo.

Maziwa hayakutoka. Labda uzi mwembamba pembeni, lakini Mama macho yalikuwa bado na dawa.

Alikula kipande chake chote na wali, akasema mafuta yake yanamkumbusha sangara wa mwanzo. Kisha akasimulia jinsi walivyomwogopa sangara alipozidi ziwani, wao waliokuwa wamezoea furu na ningu, samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Ana mafuta mengi, ukimwanika juani hakauki, anaoza, mpaka watu wakajifunza kumkausha kwa moshi. Sangara mwenyewe ni mgeni, alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960. Leo minofu yake inapanda ndege kwenda Ulaya, na mimi hapa nakaanga cha Norwe.

Mazungumzo hayo ndiyo yaliyotupeleka Mwaloni Jumapili asubuhi. Salmoni ameisha, na kwa bei aliyonitajia mdogo wangu simnunui mwingine. Tukachagua mnofu mnene wa sangara, wa upande wa tumboni wenye mafuta. Viungo vilevile, mara tatu ya vile vya jana, dakika 30 kwa sababu nyama yake ni ngumu zaidi na vipande vilikuwa vinene. Mwaloni si mfuko wa Norwe, kwa hiyo ndimu ilirudi, lakini kwa kumsugulia na kumsuuza palepale.

Tatizo likawa hana ngozi, na asali kwenye jiko la mkaa inaungua ukigeuka tu. Mama akatoka nje, akarudi na jani la mgomba. Akalipitisha juu ya mkaa mpaka kijani chake kikabadilika na jani likalainika, akaondoa ule uti wa katikati, akafungia vipande humo pamoja na nyanya iliyokatwa nyembamba na majani ya giligilani, akafunga kwa kamba ya jani lenyewe. Wavuni dakika kumi na mbili, nikigeuza mara moja. Jani likaungua nje, likawa jeusi. Tulipolifungua, mvuke ukapanda na mchuzi ulikuwa umejikusanya chini, wa kahawia, mtamu, na sangara mweupe hajaguswa na mkaa popote. Neema alichovya ugali humo mpaka jani likabaki safi.

Mume wangu akauliza tena kama kuna chumvi. Mama akamwambia akae.

Jumatatu tulimsindikiza bandarini kupanda meli ya Nansio. Niliporudi jikoni nikataka kuandika vipimo kwenye daftari kabla sijasahau, nikatafuta chupa ya soya nione ilipungua kiasi gani. Haikuwepo. Wala ile ya asali.