Spika za tarumbeta zimefika South B, Nairobi

Leo alasiri nimefunga sebuleni kwangu jozi ya spika za tarumbeta, yaani zinazopitisha sauti kwenye njia inayopanuka kama mdomo wa tarumbeta, aina ya Klipschorn, nilizozitamani kwa miaka mingi, na ambazo nimeuziwa na mzee mmoja wa Lang'ata anayehamia nyumba ndogo zaidi.

Mhandisi wa Marekani, Paul W. Klipsch, alizianzisha mwaka 1946. Siri ya spika hizi iko kwenye kona ya chumba: tarumbeta ya besi imekunjwa ndani ya kasha, na kuta mbili za chumba ndizo zinazoikamilisha. Ndiyo maana tulilazimika kuhamisha kabati la vyombo, kisha tukazisukuma spika hadi zikagusa ukuta pande zote mbili. Kuta zetu ni za mawe, nazo zinafaa sana.

Amplifaya yangu ni ya wati 8 tu, lakini inatosha na kubaki, kwa kuwa spika hizi hutoa sauti kubwa sana, zaidi ya desibeli 100 kwa wati 1, ukipima umbali wa mita 1.

Niliweka sahani ya zamani ya rumba.

Kabla ya ubeti wa pili nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi, kisha vidole vya mpiga gitaa vikikwaruza nyuzi.

Sahani hiyo naijua tangu utotoni, lakini pumzi ile sikuwahi kuisikia.

Mama, aliyekuwa akichambua sukuma jikoni, alikuja akasimama mlangoni na majani mkononi, akaniomba niurudie upande huo tangu mwanzo.

Jamani, wenye sahani za taarabu au benga, karibuni Jumamosi. Mngependa tuanze na ipi?