Umeme Ukikatika, Samaki Huhitaji Hewa Kwanza

Usiku mmoja umeme ulipokatika, niliwakuta samaki wangu wamepanda juu ya maji wakihema kwa shida, na tangu hapo tangi langu halikosi betri ya akiba. Kinachowaua haraka ni upungufu wa oksijeni, hasa samaki wakiwa wengi na maji yakiwa ya vuguvugu. Pampu ndogo ya hewa ya wati 4 inaweza kuendeshwa usiku kucha na betri ya volti 12 na ampea-saa 7, ilhali hita (kifaa cha kupasha maji joto) ya wati 100 ingeimaliza betri hiyo kabla ya saa moja kwisha. Ndiyo maana hita naizima, nikazizungushia kuta za tangi blanketi. Chakula siwapi kabisa mpaka umeme urudi.