Usiku wa taa: kumbukumbu ya mradi wangu, Kigoma

Machi 3
Gogo la mninga limekaa kivulini miezi saba. Ncha zake nilizipaka nta ya nyuki zisikauke upesi zikapasuka. Leo nimelianza kwa tezo.

Sichongi mtumbwi wala mvuvi. Nachonga usiku wenyewe. Tulipokuwa wadogo, baba akiwa ziwani na karabai kuvua dagaa, mama alitutoa nje kutazama taa. Zilitapakaa Ziwa Tanganyika lote, hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Tukimwuliza ya baba ni ipi, alinyoosha kidole papo hapo. Nilikuwa mtu mzima nilipong'amua kwamba hakuwa na namna ya kuijua.

Machi 17
Taa nilizichonga kama vinundu, na leo nimevikwangua vyote. Taa ile haikuwa kitu cha kushikika. Wamakonde wana mtindo wa mawingu, usio na mtu wala mnyama, nao umenitia moyo sana. Barbara Hepworth, mchongaji wa Uingereza, naye alitoboa jiwe mwaka 1932, tundu likawa sehemu ya sanamu yenyewe. Basi nimelipunguza gogo hadi unene wa kiganja, nikashika keekee. Matundu 19 nusu ya kushoto, yote yanatokeza ng'ambo. Nimelisimamisha dirishani: ukisogea hatua moja, mengine yanazimika, mengine yanawaka. Nimelizunguka mpaka jua likazama.

Aprili 2
Ufa umetoka tundu la tatu, urefu wa kidole. Nilitoboa karibu mno na ukingo. Nauacha.

Aprili 9
Mama amekuja. Amepapasa matundu moja moja, kisha mkono ukafika nusu ya kulia, ambayo sijaigusa.

"Huku mbona hakuna taa?"

"Bado, mama. Nitatoboa."

"Usitoboe, mwanangu. Mbalamwezi hawaendi."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Dagaa huvutwa na taa penye giza. Mwezi ukishakuwa mpevu, mwanga wa karabai unapotea ndani ya mwanga wake, na mitumbwi inalala ufukweni. Hizo ndizo siku baba alizokuwa nyumbani. Alikaa uani akishona nyavu, nasi tukisinzia juu ya zile alizokwisha maliza, zinanuka ziwa.

Keekee nimeirudisha sandukuni. Nusu ya kulia nimeianza kwa msasa mkavu wenye chenga kubwa. Kesho ni ule wa kati, halafu laini, halafu nta.